Mapukutiko ya Dar: namna ya kupiga picha majani na miti katikati ya jiji

Mkungu ulio mbele ya duka la dawa mtaani kwetu Magomeni ulikaa mwekundu kwa siku 9. Nilizihesabu. Mara ya kwanza kuuona ukibadilika nilikuwa nakimbilia mwendokasi. Nikaona majani yameiva nusu, nikajiambia kesho nitakuja na kamera. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa wiki. Siku niliyofika, mama anayekaanga vitumbua chini ya mti ule alikuwa anafagia majani ya mwisho, na juu yake matawi yalikuwa meupe kama fito. Ilinibidi nisubiri miezi mpaka mti uive tena, na safari hiyo nikawa nao kila asubuhi.

Shuleni tulikariri majira manne, na picha za mapukutiko tulizozizoea ni za Ulaya na Marekani, ambako mlima mzima unageuka rangi ya chungwa. Dar haina mlima wa namna hiyo. Mapukutiko yetu yametawanyika, mti mmoja mmoja, kati ya nguzo za umeme, mabango na mapaa ya bati, na kila mti una siku zake. Kwa hiyo usianze kwa kutafuta mandhari. Anza kwa kutafuta mti, uujue, kisha urudi kwake mara nyingi.

Chagua mti wako

Tembea mtaani kwako, si mbali, kwa kuwa mti ulio mbali hutaurudia. Tafuta kati ya hii.

Mkungu ndio wa kwanza, na kwangu ndio mti wa mapukutiko wa jiji hili. Utauona uani Upanga, Ilala, Temeke, karibu kila mtaa wa zamani. Matawi yake yametandazwa kwa ghorofa, moja juu ya jingine, na majani yake ni makubwa kama kiganja kilichofunguliwa au zaidi. Watoto huokota makungu yake na kuyapasua kwa jiwe wapate kiini. Kabla ya kuangusha majani, mkungu huyageuza njano, kisha rangi ya shaba, kisha nyekundu ya damu ya mzee, na mara nyingi rangi zote tatu hukaa kwenye tawi moja. Mikungu haifuati kalenda moja. Miwili iliyo mtaa mmoja inaweza kupishana kwa wiki kadhaa, na hilo ni jambo la heri kwa mpiga picha, maana ukiukosa huu utaupata ule.

Mwembe hauangushi majani yake yote kwa pamoja. Wenyewe unakupa kinyume chake: majani machanga hutoka yakiwa laini, yamelegea, rangi ya shaba iliyochanganyika na zambarau, na hukaa hivyo siku chache kabla ya kuwa kijani. Mtu aliyezoea kusikia kwamba jani jekundu ni jani linalokufa atashangaa kuona kwenye mwembe ndilo linalozaliwa.

Mbuyu huvua majani kipindi cha ukavu na kubaki gogo na matawi. Msasani na Oysterbay bado ina mibuyu mikubwa kando ya barabara na ndani ya viwanja. Msufi nao huvua, kisha maganda yake hupasuka na sufi nyeupe ikaning'inia na kupeperuka mpaka kwenye waya za simu. Mkrismasi huwaka maua mekundu kuelekea Desemba, na petali zake zikianguka juu ya vumbi jeusi la gereji unapata picha ambayo hutaipata nchi za baridi. Mwarobaini huangusha vijani vidogo vya njano vinavyojikusanya kwenye mifereji. Usiudharau.

Ulaya kinachoiamuru miti kuacha majani ni mchana kufupika na baridi kuingia. Hapa, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote haifiki saa 1 kwa mwaka mzima, kwa hiyo kwa miti yetu mingi neno kubwa ni ukavu. Mti unapojiandaa kuliachia jani huivunja klorofili, ile rangi ya kijani, na kurudisha mwilini kile kinachoweza kufaa baadaye. Kijani kikiondoka, njano iliyokuwa imefichwa hujitokeza, na kwenye mkungu nyekundu hutengenezwa juu yake. Ukilijua hili utajua pia mahali pa kutazama: kijani hukawia kwenye mishipa, na rangi hutangulia kati ya mshipa na mshipa. Picha nzuri ya jani ni ile inayoonyesha kazi hiyo ikiwa katikati, jani likiwa bado halijamaliza.

Zijue siku na saa

Kipupwe, kuanzia Juni hadi Agosti, ndicho kipindi changu. Masika imekwisha, jasho limepungua, na jua la mchana linapita upande wa kaskazini, limelala kidogo, halipigi utosini. Jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Mnamo Juni jua la saa 6 mchana huwa limeinama kiasi cha nyuzi 30 kutoka utosini, kwa hiyo hata mchana majani ya upande wa kaskazini wa mti yanapata mwanga wa pembeni wenye umbo. Karibu na tarehe 10 Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, jua hupita juu ya kichwa kabisa. Siku hizo kivuli chako kinakaa chini ya viatu vyako, na kila uso wa mtu na kila shina la mti huonekana bapa.

Mwanga wa dhahabu wa asubuhi na jioni ni mfupi kwetu kuliko ule wa nchi za kaskazini, kwa sababu jua linashuka wima, halitambai. Julai linachomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi. Ukifika saa 2 na nusu umechelewa. Jioni, ukiliona linagusa mapaa, usiende kununua maji kwanza. Ndani ya dakika 20 hivi utakuwa unapiga picha kwenye giza.

Kati ya asubuhi na jioni mimi nachagua asubuhi. Upepo wa kusi haujaamka, majani yametulia, foleni haijajaza moshi hewani, na mtu wa kufagia bado hajafika. Kama unafanya kazi Posta au Kariakoo, shuka vituo viwili kabla ya kituo chako na umalizie kwa miguu. Mwaka mmoja sehemu kubwa ya picha zangu nzuri zilitoka kwenye dakika hizo 25 za kwenda kazini.

Vifaa

Simu inatosha. Ukiwa na kamera yenye lenzi ya kubadilisha ni vizuri, lakini mkungu haujali.

Futa lenzi kabla ya kila kitu. Simu ya Dar imejaa mafuta ya shavu, jasho, na kwa anayeishi karibu na bahari, chumvi. Ukungu unaolalamikia kwenye picha mara nyingi ni alama ya kidole. Beba kipande cha kanga kuukuu kilichofuliwa mara nyingi. Ni laini na hakiachi nyuzi.

Ukitoka ofisini au ndani ya gari lenye kiyoyozi, lenzi itashika mvuke mara tu ukitoka nje. Usiifute-fute. Iache nje ya mfuko dakika 10 ipate joto la nje, itajisafisha yenyewe.

Jani moja, kwa karibu

Hapa ndipo ningependa ukae muda mrefu kuliko kwingine, kwa sababu picha ya jani moja ndiyo itakayokufundisha mwanga.

Chagua jani lililo bado mtini, usawa wa macho yako au juu kidogo, lenye rangi angalau mbili. Usichague lisilo na kasoro. Jani lenye tundu la mdudu linapitisha nukta ya anga, na nukta hiyo huwa ndiyo jicho la picha.

Sasa lizunguke. Kwanza simama jua likiwa mgongoni mwako utazame jani linavyoonekana: litakuwa na mng'ao mweupe juu, kama limepakwa mafuta, na rangi imefifia. Kisha nenda upande wa pili, jua liwe nyuma ya jani, mwanga upite ndani yake kabla ya kukufikia. Nyekundu itawaka, mishipa itajichora kama mito kwenye ramani, na ukingo wa kijani uliobaki utaonekana wazi. Ndiyo maana kwenye mkungu hata saa 7 mchana si saa mbaya. Ingia chini ya mti, elekeza kamera juu, utumie matawi yake ya ghorofa kama mwavuli. Mwanga mkali unaoharibu kila kitu nje, ndani ya kivuli kile unapita kwenye majani kama kwenye kioo cha rangi.

Sogea kwa miguu, usivute kwa zumu. Simu nyingi zikivuta zinakata tu picha na kuipanua. Karibia mpaka jani lijaze theluthi mbili za skrini, kisha gusa skrini mahali penye mishipa na ushikilie kidole mpaka fokasi ijifunge. Itatokea alama ya jua pembeni. Ivute chini kidogo. Usiogope picha kuonekana na giza: kamera inapenda kung'arisha kila kitu kiwe wastani, na nyekundu ndiyo rangi inayojaa haraka kuliko zote. Ikishajaa, mishipa inapotea na jani linakuwa doa moja jekundu, wala hakuna uhariri utakaoirudisha. Giza kidogo linarekebishika baadaye.

Kama simu yako ina hali ya kitaalamu, toa rangi ya mwanga (white balance) kwenye otomatiki uiweke kwenye alama ya jua au ya mawingu. Otomatiki huona wekundu mwingi ikadhani ni kosa, ikauosha kwa ubuluu.

Angalia nyuma ya jani. Unapiga hatua moja tu kushoto na bango la kampuni ya simu linatoweka, linaingia kivuli cha ukuta. Jani linalowaka mbele ya kivuli halihitaji kitu kingine.

Jua likiwa kali mno na jani liko nje ya kivuli, mwombe mwenzako atandaze kanga nyepesi au kitambaa cheupe kati ya jua na jani. Mwanga utalainika mara moja. Na ukitaka kuondoa weusi upande wa chini wa tawi, tumia sinia. Yule mama wa vitumbua niliyemtaja ndiye aliyenifundisha bila kujua: alikuwa ameegemeza sinia lake la alumini kwenye shina, jua likaligonga, na upande wote wa chini wa tawi ukawa na mwanga wa joto nisioweza kuununua. Siku hizi naomba sinia kabla ya kuomba chai.

Piga picha 10 za jani hilohilo kabla ya kuhamia lingine.

Majani yaliyoanguka, na watu walio kati yake

Hapa tunatofautiana na wapiga picha wengi. Wengi hujitahidi kulifuta jiji kwenye picha: wanakata waya, wanaficha bajaji, wanangoja machinga apite. Mimi nasema liache. Jani jekundu la mkungu juu ya kiti cheusi cha bodaboda linasema Dar kuliko jani hilohilo juu ya nyasi. Nyasi ziko kila nchi.

Tafuta mahali majani yanapokutana na kazi za watu: juu ya turubai la genge la mboga, kwenye ndoo ya muuza madafu, kwenye paa la daladala iliyopaki kituoni, juu ya maji ya mfereji. Shuka chini, kaa kitako kama unacheza bao, kamera iwe kiwango cha lami. Ukipiga kutoka usawa wa kusimama, majani yanakuwa takataka. Ukipiga kutoka chini, la mbele linakuwa kubwa kama mlango na mtaa unasimama nyuma yake.

Wanaofagia ndio wenye mapukutiko ya jiji hili. Wanaamka kabla yetu, na rundo la majani walilolikusanya linadumu dakika chache kabla ya kuingia kwenye toroli. Ukitaka kupiga rundo hilo, au mikono ya mwenye fagio, anza na salamu, simu ikiwa bado mfukoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba radhi, haya ya upande huu usiyazoe kwanza. Nataka kuyapiga picha."

"Majani haya?" Akanitazama, akayatazama. "Haya, piga. Tena haya ya huku ndiyo mekundu zaidi, jana yameanguka mengi."

Akanionyesha kwa ncha ya fagio, na kweli yalikuwa mazuri kuliko niliyoyachagua mimi. Mtu anayeushughulikia mti kila siku anaujua kuliko wewe. Muulize unaiva lini, unaanguka upande gani, jirani gani ana mwingine kama huo. Ukimpiga picha yeye, mwonyeshe. Akiwa na simu, mtumie hapohapo. Akikataa, sema asante, endelea na majani.

Kupata jani likiwa hewani inahitaji uvumilivu na kasi. Weka kasi ya shata 1/1000 ya sekunde kama kamera inaruhusu, au kwenye simu shikilia kitufe ipige mfululizo. Usilifuate jani kwa kamera. Elekeza mahali penye mwanga mbele ya kivuli, upepo ukipuliza bonyeza, na uache jani lije lenyewe. Mkungu una majani mazito yanayoanguka kwa kuzunguka polepole, kwa hiyo una nafasi. Kwa vijani vya mwarobaini sijawahi kufanikiwa hata mara moja, na sijaacha kujaribu.

Mbuyu

Kosa la kawaida ni kutaka kuuingiza wote. Ukirudi nyuma mpaka uenee, unapata mti mdogo katikati ya magari. Sogea. Piga ngozi yake ya kijivu yenye mikunjo, piga mahali shina linapokutana na ukuta wa uzio uliojengwa kuukwepa, piga matawi matupu dhidi ya anga la alfajiri kabla jua halijatoka, ambapo mti unakuwa mweusi wote na kila kitawi kinaonekana. Kwa picha hiyo gusa skrini kwenye anga, si kwenye mti.

Kuelekea mvua za vuli mbuyu hutoa maua. Ni meupe, makubwa, yananing'inia kichwa chini, na hufunguka jioni ili popo wayafikie usiku. Kesho yake yameshaanza kunyauka na kuanguka. Kwa hiyo nenda kabla ya jua kuzama, tafuta ua lililo tayari kupasuka kwenye tawi la chini, na usitumie flashi. Mwanga wa taa ya barabarani ukitokea nyuma unatosha.

Upwa: mikoko na wageni

Huu ndio upande ambao mapukutiko ya kaskazini yanatufikia kwa kweli. Kuanzia mwezi Agosti na Septemba, majira ya joto yakiisha huko Ulaya na Urusi, ndege wa pwani huondoka na kuja kwetu, na wengi hukaa mpaka karibu Aprili. Sululu ni mmoja wao. Mdomo wake mrefu umepinda kwenda chini, kama sululu ya kuchimbia, na anautumia kazi ileile: kuuchomeka topeni na kutoa kaa. Mbayuwayu nao hufika na kujipanga kwenye waya za umeme. Ukimpiga picha mbayuwayu wa Tandale mwezi Novemba, umempiga ndege ambaye huenda aliyaacha majani ya njano ya nchi nyingine wiki chache nyuma.

Mahali pa kuanzia ni mdomo wa Mto Msimbazi upande wa Daraja la Selander, au ukiwa na siku nzima, mikoko ya Kunduchi na Mbweni. Tazama jedwali la maji kabla ya kutoka. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji hupwa sana katikati ya asubuhi. Tope linaachwa wazi kubwa mno na ndege wanakuwa mbali, vidoa tu. Kinachofaa ni maji yakiwa yanajaa: yanawasukuma ndege kuja upande wako hatua kwa hatua. Kaa mahali pamoja, chini, bila nguo ya rangi kali, uwaache waje. Ukiwafuata wataruka, na ndege aliyetoka safari ya mbali hiyo anahitaji kula kuliko wewe unavyohitaji picha.

Kama una simu tu, waache ndege, piga mikoko. Majani makuukuu ya mkoko hugeuka njano safi na kuelea juu ya maji meusi kati ya mizizi. Mchu, mmoja wa miti ya mikoko, una mizizi inayochomoza topeni kama penseli zilizochongwa, na jua la asubuhi likipita kati yake kila mmoja unatupa kivuli chake. Vaa viatu vilivyofungwa, makombe yanakata. Usikanyage miche.

Mvua ya vuli

Kwa mtu wa Dar vuli ni mvua, hata kama kamusi nyingine hulipa neno hilo kazi ya mapukutiko. Mvua hizo, Oktoba hadi Desemba, huja kwa vipindi, na picha ziko kwenye robo saa baada ya kila kipindi. Vumbi la miezi limeoshwa, kijani kimezidi, magome yamekuwa meusi, na maua ya mkrismasi yamelala chini yakiwa bado mabichi. Dimbwi la kwenye lami linakupa mti wa pili uliopinduka: shusha simu mpaka karibu iguse maji, uone matawi na ghorofa za Kariakoo zikikutana katikati. Weka simu kwenye kifuko cha zipu hadi dakika ya kupiga. Bondeni, Jangwani na kwingine kunakojaa, usiingie kwenye maji yanayotembea kwa ajili ya picha yoyote.

Usalama na ruhusa

Rafiki yangu aliporwa simu akiwa amechuchumaa kando ya barabara, anapiga jani, na pikipiki ikapita nyuma yake. Tangu siku ile napiga nikiwa nimeipa barabara ubavu, kamba ya simu ikiwa mkononi, na alfajiri sitoki peke yangu. Mlinzi wa jengo la jirani ni rafiki mzuri. Msalimie, mwambie unachofanya.

Usielekeze kamera Ikulu, kambi za jeshi, vituo vya polisi wala bandarini. Hili linakuhusu hasa ukienda Bustani ya Mimea iliyo karibu na Makumbusho ya Taifa, kwa sababu iko jirani na majengo ya serikali. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1893, wakati wa Wajerumani, kwa kujaribu mazao, na miti yake ya umri mkubwa inastahili asubuhi nzima. Uliza mlangoni kuhusu kamera kabla ya kuitoa. Uani mwa mtu, piga hodi. Ndege isiyo na rubani usiirushe bila kibali. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ndiyo inayosimamia urushaji huo.

Ukirudi nyumbani

Futa nyingi. Kwenye 40 bakisha 3. Kwenye kuhariri, inua kidogo sehemu zenye giza, nyoosha upeo, na uishie hapo karibu kila mara. Kitufe cha kuongeza rangi ndicho kinachoharibu picha nyingi za majani: jani la mkungu lina nyekundu zaidi ya moja, na ukiisukuma zote zinakuwa rangi ya soda. Weka picha yako pembeni ya jani lenyewe, uliloliokota, ulinganishe. Jani halidanganyi kwa siku mbili za kwanza, baada ya hapo linakuwa kahawia.

Ziweke kwa jina la mti na tarehe, si kwa jina la mahali tu. Faili langu la mkungu wa Magomeni lina siku 9 za wekundu, siku 4 za matawi matupu, na picha moja ya siku ya 14, saa 1 kasoro asubuhi: vichipukizi viwili vya kijani kwenye ncha ya tawi, na chini yake, nje ya fokasi, moshi wa vitumbua.